Shambani, wodini au kwa wazee: ulinganisho kwa anayechagua aina ya utafiti Nyanda za Juu Kusini

Chukua zebaki ya Chunya. Mchimbaji mdogo anaichanganya na mchanga uliosagwa, dhahabu inanaswa, kisha donge linachomwa hadi zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mkemia akifika hapo atauliza zebaki kiasi gani imetuama kwenye tope la mto. Daktari atauliza kiasi gani imeingia mwilini mwa mchomaji, na mwilini mwa mama anayepika hatua chache kutoka hapo. Mwanahistoria atauliza watu walifikaje Lupa tangu enzi za dhahabu za miaka ya 1920 na 1930, ujuzi wa kuchoma walirithishana vipi, na kwa nini unaendelea hata kwa anayejua madhara yake. Maswali yote matatu ni utafiti kamili. Ila ushahidi wake haukusanywi kwa njia moja, hauombewi kibali mlango mmoja, wala hauharibiki kwa sababu moja.

Ulinganisho huu ni kwa aliyekwama katikati: mwanafunzi wa Mbeya au Iringa anayetakiwa kupeleka andiko la utafiti kwa msimamizi, mhitimu anayetafuta fani ya kuendelea nayo, au ofisa wa asasi aliyepewa fedha kidogo aambiwe "fanyeni utafiti". Kozi uliyosajiliwa inakubana kiasi, hilo halina ubishi. Hata hivyo ndani ya kozi moja huwa kuna nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Muuguzi anaweza kupima, anaweza kupekua mafaili, na anaweza kukaa na wakunga wa jadi akawasikiliza. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuhesabu mimea au kuandika majina na matumizi yake kwa Kihehe.

Vigezo vya kupimia

Kila aina itapimwa kwa mambo yaleyale: swali lake na ushahidi unaokubalika, vibali, muda na kalenda, vifaa na gharama, mambo yanayoharibika, na mtu anayemfaa. Kati ya hayo, kalenda ndiyo inayodharauliwa zaidi na ndiyo inayoangusha wengi. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Utafiti mwingine unahitaji mvua hiyo, mwingine unaikimbia.

SAYANSI: SHAMBA, MSITU NA MAABARA

Swali na ushahidi. Sayansi ya asili inataka swali linalogeuka kipimo. "Mbolea ipi ni nzuri?" bado si swali. "Je, kuongeza samadi juu ya mbolea ya viwandani ya NPK kunaongeza uzito wa viazi kwa hekta?" hilo linapimika. Nguvu ya ushahidi hapa iko kwenye kulinganisha na kurudia, si kwenye ukubwa wa shamba.

Kwa mfano, jaribio la viazi mviringo lenye matibabu manne (yaani namna nne za mbolea zinazolinganishwa) na marudio manne ni ploti, au vipande vya shamba, 16. Nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina inakupa, kwenye ploti ya mita 3 kwa 3, mistari minne yenye mashina 10 kila mmoja. Jumla ni mashina 640. Mbegu za wastani wa gramu 50 ni kama kilo 32, kiasi anachokimudu mwanafunzi. Mavuno ya kupima hutoka mistari miwili ya kati tu, tena ukiacha shina la mwanzo na la mwisho, kwa sababu shina la pembeni lina jua na nafasi zaidi na litakudanganya. Yanabaki mashina 16, eneo la mita za mraba 3.6. Ukipata kilo 7.2 hapo, ni sawa na tani 20 kwa hekta.

Mpangilio wa ploti ndio moyo wa kazi. Mashamba ya huku yana mteremko, na rutuba huteremka pamoja na maji. Kwa hiyo kila bloku, yaani kundi la ploti lenye matibabu yote manne, ilazwe kufuata kontua, ili ploti zake zote zikae kimo kimoja, kisha matibabu yapigiwe kura upya ndani ya kila bloku. Ukisimamisha bloku kutoka juu kwenda chini, utapima mteremko badala ya mbolea, na hakuna programu ya takwimu itakayokuokoa baadaye.

Vibali. Kwa shamba la mkulima, barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Wanyamapori na hifadhi za taifa kama Kitulo au Ruaha huongeza TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Msitu wa Mlima Rungwe uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mtafiti wa kigeni hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwa kazi ya shamba la mkulima hatua ni nyingi lakini si nzito. Panga wiki chache.

Muda. Hapa hakuna huruma. Barua ikichelewa hadi Januari na swali lako ni la upandaji wa mvua za kwanza, umesubirishwa mwaka mzima. Maharage hukomaa kwa takriban miezi mitatu, viazi mitatu hadi minne, na mahindi ya nyanda za juu huweza kufika sita au saba. Mwenye muhula mmoja asikaribie mahindi. Aliyekosa mvua anaweza kufanya jaribio kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wakati wa kiangazi, ila ajue unyevu wa bonde hubadilika hatua kwa hatua kutoka ukingoni kwenda katikati, na bloku zipangwe kwa kuzingatia hilo.

Vifaa na gharama. Mzani wa kuaminika, kamba, vigingi, vibao vya ploti visivyofutika kwa mvua, na daftari. Kinachomaliza fedha ni maabara. Sampuli ya udongo huchukuliwa kina cha sentimita 0 hadi 20, sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, ukikwepa kichuguu, njia ya ng'ombe na mahali palipolundikwa samadi. Zinachanganywa ndoo moja safi, zinapunguzwa kwa kugawa robo hadi ibaki nusu kilo au kilo moja, zinakaushwa kivulini na kuchekechwa kwenye chekeche ya milimita 2. Ndoo iliyobeba mbolea jana itakupa fosforasi ambayo shamba halina. Kabla ya kuandika bajeti, iulize maabara bei ya kipimo kimoja kimoja. Wengi huandika "uchambuzi wa udongo" kwa ujumla, kisha wanagundua kila kirutubisho kina bei yake.

Yanayoharibika. La kwanza ni marudio ya uongo: udongo wa ploti moja unagawanywa vifuko vinne, vinapimwa, na mtu anaandika "marudio manne". Hayo ni marudio ya mashine. Shamba limepimwa mara moja tu.

La pili, kwa viazi, ni mnyauko bakteria. Mbegu inaweza kuonekana nzima kabisa huku imebeba ugonjwa, na bakteria hukaa ardhini kwa misimu. Muulize mwenye shamba lililimwa nini misimu mitatu iliyopita. Akitaja nyanya, viazi au bilinganya, tafuta shamba jingine. Shina likinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa, utazame dhidi ya kitu cheusi. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Usipoandika ploti zipi zilipigwa, utakuja kuilaumu mbolea.

La tatu ni la kibinadamu. Mwenye shamba anapalilia vizuri ploti zinazompendeza, na viazi vya ploti bora huchimbwa kwa mboga kabla hujapima. Mkubaliane mapema, mbele ya mtendaji, mavuno ni ya nani na yatachimbwa lini.

Anayemfaa. Mtu mvumilivu wa kazi ya kurudiarudia, anayeweza kuwa shambani kila wiki, na ambaye kalenda ya chuo chake inalingana na mvua. Kuwepo kwa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichotoa mbegu za maharage kama Uyole 94, Uyole 96 na Njano Uyole, kunamsaidia sana wa Mbeya: kuna wataalamu wa kuuliza na aina za mbegu zenye historia inayojulikana.

TIBA NA AFYA

Swali na ushahidi. Eneo hili lina sababu nzito ya kutafiti afya. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Ndiyo maana kituo cha Mbeya cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kimekuwa na kazi kubwa za VVU na kifua kikuu kwa miaka mingi.

Ila si kila utafiti wa tiba unafanana na mwingine. Jaribio la dawa au chanjo si kazi ya mwanafunzi peke yake: linahitaji timu, bima ya washiriki, usimamizi wa kudumu, na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba juu ya kibali cha maadili. Aliye peke yake ana njia tatu zinazowezekana: dodoso la mara moja kwa watu wengi, kupekua kumbukumbu zilizopo, yaani vitabu vya MTUHA (rejista za taarifa za huduma za afya kituoni) na mafaili, au mahojiano ya kina na wagonjwa na watoa huduma.

Ushahidi hapa hutegemea sampuli, na hapo ndipo namba 384, idadi ya washiriki inayonakiliwa na wengi, imekuwa kama sala. Hutokana na kanuni ya kuzidisha 1.96 (ya uhakika wa asilimia 95) kwa yenyewe, kisha 0.5, kisha tena 0.5, na kugawa kwa 0.05 (kosa linalovumilika) iliyozidishwa kwa yenyewe. Ile 0.5 huwekwa pale usipojua kabisa hali ikoje. Ikiwa utafiti uliotangulia ulikuta asilimia 20, sampuli inashuka hadi 246. Na ikiwa kundi zima unalolichunguza lina watu 300, tuseme wauguzi wa hospitali fulani, ile 384 ikirekebishwa kwa udogo wa kundi inakuwa 169. Kinyume chake, wanaokataa au kukimbia katikati nao wahesabiwe: ukitaka 384 kamili na unatarajia mmoja kati ya kumi atoke, anza na 427. Anayenakili 384 bila kusema imetoka wapi, mtahini humkamata dakika ya kwanza.

Vibali. Huu ndio mlango mzito kuliko yote, na ni haki uwe hivyo. Kamati ya maadili lazima iidhinishe kabla hujakusanya taarifa kutoka faili hata moja. Data iliyokusanywa kabla ya tarehe ya kibali haitumiki, na hakuna kibali cha kurudi nyuma. Ngazi ya taifa ni kamati iliyo chini ya NIMR. Mbeya nayo ina kamati yake ya utafiti na maadili. Baada ya maadili inafuata barua ya hospitali yenyewe, kisha ya mkuu wa idara. Mshiriki aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe akubali kwa kadiri ya ufahamu wake. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha mtu aliyekaa kwenye benchi la kliniki. "Tutachukua damu kijiko kimoja cha chai" inaeleweka; "mililita 5 za damu ya vena" haieleweki kwa wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo orodha ya majina ikae mbali na jedwali la majibu, kila mtu awe na namba.

Muda. Miezi miwili au mitatu ya kibali uihesabu kama sehemu ya utafiti, usiiite ucheleweshaji. Dodoso lenyewe linaweza kuisha kwa mwezi. Angalia pia msimu wa ugonjwa: malaria na kuhara havifanani Februari na Agosti, na mtu aliyekusanya data mwezi mmoja asiandike kana kwamba amechunguza mwaka.

Vifaa na gharama. Kupekua mafaili ni nafuu kuliko vyote. Dodoso linataka wasaidizi na nauli. Sampuli za mwili ni ghali kwa sababu ya vitendanishi (kemikali za kupimia) na baridi ya kuzihifadhi. Na sampuli za mwili ni dhaifu. Damu ikitikiswa kwa nguvu au kuvutwa kwa kasi kupitia sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na vipimo kama potasiamu huvurugika. Barafu ikigusa mirija moja kwa moja hufanya vivyo hivyo. Weka kitambaa katikati. Damu ya kutengeneza seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, iachwe igande kama nusu saa kabla ya kuzungushwa kwenye mashine. Na kwa zebaki ya Chunya, chagua sampuli kulingana na swali: mkojo unaonyesha zebaki iliyovutwa kama mvuke wakati wa kuchoma, nywele zinaonyesha zaidi ile iliyoliwa kupitia samaki. Mchimbaji akikojoa kwenye kichupa akiwa bado kazini na mikono ina vumbi, umepima vumbi.

Yanayoharibika. MTUHA kwanza. Vitabu hivi vilitengenezwa kwa ajili ya kutoa huduma na taarifa za mwezi, havikumlenga mtafiti. Kuna safu zisizojazwa, mwandiko usiosomeka, namba ya faili iliyobadilishwa katikati ya mwaka, na mgonjwa mmoja aliyeandikwa majina mawili. Kabla ya kuandika andiko, omba ruhusa uone vitabu vinavyofananaje, bila kunakili chochote, uangalie safu unayoitegemea. Ikiwa kwa macho tu inaonekana mtu mmoja kati ya watano hana taarifa hiyo, badilisha swali mapema.

Kosa la pili ni kusema kuhusu kijiji kwa kutumia hospitali. Mgonjwa anayefika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ameshapita zahanati, kituo cha afya na pengine hospitali ya wilaya. Ni mahututi zaidi, au ana nauli zaidi, kuliko jirani yake aliyebaki nyumbani. Matokeo yake yanaeleza wagonjwa wa rufaa, basi.

La tatu ni aibu. Muuguzi anayemhudumia mgonjwa akimuuliza kama anameza dawa kila siku, jibu ni "ndiyo". Aulize mtu asiyevaa sare, faragha, na swali lianze kwa kukiri kuwa kusahau dawa hutokea.

Anayemfaa. Mtu mwenye nidhamu ya karatasi na siri, mwenye uhusiano na kituo cha afya kabla ya kuanza, na msimamizi aliyewahi kupitisha andiko kwenye kamati. Asiye na subira na utaratibu atateseka hapa hata akiwa na akili nyingi.

INSIA: HISTORIA, LUGHA, MILA NA AKIOLOJIA

Swali na ushahidi. Fani hizi huonekana rahisi kwa sababu hazina maabara, na dhana hiyo inawaponza wengi. Historia ya Iringa ni mfano mzuri wa uzito wake. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliivunja safu ya askari wa kamanda wa Kijerumani Zelewski pale Lugalo. Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na Mkwawa alikufa Julai 1898. Mengi yanayosomeka kuhusu matukio hayo yaliandikwa na maofisa wa Kijerumani, watu wenye sababu ya kujieleza kwa wakubwa wao. Upande wa Wahehe umebaki kwenye masimulizi, nyimbo na kumbukumbu za koo. Kazi ya mtafiti ni kuuliza kila chanzo: nani anasema, alijuaje, alikuwa anamwambia nani, na alipata nini kwa kusema hivyo.

Hapa mahojiano 15 yaliyosikilizwa vizuri yanaweza kushinda madodoso 400. Anayedai "sampuli yako ni ndogo" anatumia mizani ya fani nyingine. Swali halali ni kama umefika kwa koo tofauti, wanawake na wanaume, waliotawala na waliotawaliwa, au umesikiliza ukoo mmoja ukaita historia ya kabila.

Vibali. Mnyororo ni uleule wa mkoa hadi kitongoji, na vyuo vingi sasa vinataka pia kibali cha maadili kwa mahojiano. Kuchimba mahali pa kale kama Isimila, penye zana za mawe zilizochimbuliwa na timu ya Howell mwaka 1957 na 1958, kunahitaji leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Kuokota jiwe moja "la kuonyesha darasani" ni kosa. Zaidi ya karatasi kuna ruhusa ya nyumbani. Mwenyekiti wa kitongoji akupeleke, umsalimie mzee kwa lugha yake, "kamwene" kwa Wahehe na Wabena, useme ukoo wako na ulikotoka, ndipo utaje shida yako. Kinasa sauti kitoke mfukoni baada ya mzee kukubali, kamwe si kabla.

Muda. Kalenda hapa ni kinyume cha ile ya shamba. Desemba hadi Machi wazee wako mashambani, barabara za Makete na Ileje zinateleza, na mvua juu ya bati inafuta sauti yote kwenye kinasa. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yake. Ukusanyaji unaweza kuisha kwa wiki tatu. Kazi inaanzia mezani. Saa moja ya mazungumzo ya Kiswahili huchukua saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno. Ikiwa ni Kinyakyusa, Kikinga au Kisafwa na inahitaji tafsiri, ongeza maradufu. Mahojiano 15 ya saa moja na nusu kwa lugha ya nyumbani yanaweza kula saa 200 kabla hujaandika hata ukurasa wa uchambuzi. Hesabu hiyo ifanyike mwanzoni.

Vifaa na gharama. Kinasa sauti cha kawaida chenye maikrofoni ya kubana kwenye kola kinatosha. Rekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa; saa moja ya ubora wa CD ni kama megabaiti 600, hivyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba kazi nzima. Nakala tatu, sehemu mbili tofauti, siku hiyohiyo. Nyaraka za Kijerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza viko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam, kwa hiyo weka nauli na malazi. Anayechunguza Rungwe ajue Wamoravian walifika 1891 na hifadhi kuu ya kanisa lao iko Herrnhut, Ujerumani. Mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule hausomeki hata na Mjerumani wa leo asiyejifunza. Asiyeuweza achague swali lisiloutegemea.

Yanayoharibika. Masimulizi yanayorudi kutoka vitabuni ndiyo mtego mkubwa. Mzee amesikia redio, mjukuu amemsomea kitabu cha shule, na anakusimulia yaleyale kwa sauti ya kale. Muulize alisikia kwa nani, wapi, akiwa na umri gani. Miaka nayo isiulizwe kwa namba. Ibanwe kwa matukio: kabla au baada ya Operesheni Vijiji ya 1974, kabla au baada ya kuuawa Mkuu wa Mkoa Dk. Kleruu Desemba 1971, mama alikuwa amezaliwa au bado.

Mahojiano ya kikundi huleta sauti moja, ya mwenye cheo. Na swali la kuongoza, "Wakoloni waliwatesa, siyo?", halirudishi kitu ila "ndiyo". Kuna pia ridhaa isiyoishia kwenye saini: mambo ya mirathi, uchawi na mipaka ya mashamba yakitajwa kwa majina huleta ugomvi kijijini wewe ukiwa umeshaondoka. Kabla ya kuchapa, rudi ukamsomee mzee sehemu zake.

Anayemfaa. Msikilizaji, anayejua lugha ya eneo au aliye tayari kumlipa vizuri anayeijua, na anayependa kuandika. Tasnifu ya historia hubebwa na nathari yake. Jedwali haliwezi kuificha hoja dhaifu.

PALE ZINAPOKUTANA

Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakiwahoji Wanyakyusa wa Mlima Rungwe kuhusu wanyama wa msituni walisikia habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wakamtafuta, wakamwona, na mwaka 2005 akatangazwa kwa sayansi kama spishi mpya. Baada ya mmoja kunaswa na kufa kwenye mtego wa mkulima, vinasaba vyake vilipimwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*. Mahojiano yalifungua mlango, maabara ikaweka jina. Moja bila nyingine isingefika.

Upande wa pili, fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 na Gavana Twining lilichaguliwa kutoka jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vya ndugu wa Mkwawa. Vipimo vya namna hiyo vinaweza kupunguza orodha; kumtambua mtu mmoja haviwezi. Mwanahistoria na mwanasayansi wote wana haki ya kuliuliza fuvu hilo, na heshima ya familia iko mezani muda wote.

Kuchanganya mbinu kunapendeza kwenye andiko. Kwa shahada ya kwanza, hata hivyo, mara nyingi huzaa nusu mbili. Chagua mbinu moja ibebe hoja, nyingine isaidie kuuliza vizuri.

KWA HALI YAKO

Una muhula mmoja unaoanza Machi na huna fedha: kupekua mafaili ya afya kunawezekana ikiwa kibali cha maadili umeshakiomba, kama bado, nenda kwa wazee Juni. Shamba la mvua limeshakupita, usilazimishe, isipokuwa kama kuna vinyungu na mwenye vinyungu amekubali.

Una mwaka mzima na chuo kinakupa shamba la majaribio: sayansi ya kilimo itakulipa, na ukianza na maharage au viazi unaweza kupata misimu miwili ndani ya mwaka, jambo linaloipa data yako uzito ambao msimu mmoja hauna.

Unafanya kazi hospitali na kusoma jioni: utafiti wa afya uko mlangoni kwako, lakini usiwahoji wagonjwa wako mwenyewe. Tafuta msaidizi, au chagua wodi nyingine.

Unaongea Kinyiha, Kiwanji au Kisangu tangu utoto: hilo ni ghala ambalo mtafiti wa mbali hulipia miaka kulipata. Hata kama umesajiliwa sayansi, majina ya mimea ya dawa, aina za udongo kama wakulima wanavyozitofautisha, au dalili za ugonjwa zinavyosemwa nyumbani ni mada zinazosimama, ilimradi kila mmea uchukuliwe kielelezo kilichokaushwa na kutambuliwa na mtaalamu wa mimea. Jina la kienyeji peke yake linaweza kubeba spishi tatu.

Ni asasi yenye fedha kidogo na swali la "kwa nini watu hawatumii" kitu fulani, iwe chandarua, mbegu bora au zahanati: anza na mahojiano 12 hadi 15 kabla ya kuchapa dodoso. Dodoso huhesabu vizuri majibu unayoyajua tayari. Sababu usizozifikiria haziwezi kuwa na kisanduku cha kuweka alama.

Na kama mada yako ni ile ya zebaki Chunya na una msimamizi mmoja tu, angalia yeye ni wa fani gani. Mkemia atakusaidia kuchukua tope upande wa juu wa mto, mahali pasipochomwa, ili uwe na cha kulinganishia. Hilo mwanahistoria hatalikumbuka. Mwanahistoria naye atakuzuia kuwaita wachimbaji "wasio na elimu" kwenye ukurasa wa kwanza.